Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Majira ya Hewa na Kupanga Safari ya Jangwa la Namib kwa Msafiri wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mtwara au Lindi anayetaka kwenda kuliona jangwa la Namib, nchini Namibia. Swali la kwanza la wengi huwa ni fedha, ilhali linaloamua safari nzima ni mwezi. Gharama, nguo, njia ya kupita, saa ya kuamka na hata afya ya msafiri hufuata mwezi uliochaguliwa, na ndiyo maana maswali ya majira yametangulizwa.

Kwa nini Namib, na si Sahara?

Sahara ni kubwa zaidi na jina lake linajulikana na kila mtoto wa shule, lakini kwa mtu wa kusini mwa Tanzania Namib ina nafuu kadhaa. Namibia ni mwanachama mwenzetu wa SADC, na kwa utaratibu uliozoeleka Mtanzania mwenye pasi halali ya kusafiria haombi viza kwa matembezi mafupi. Hata hivyo inafaa kuthibitisha kabla ya kukata tiketi, kwa sababu masharti ya Uhamiaji hubadilika. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Zaidi ya hayo, Namib iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo majira yake yanaendana na yetu: kipupwe chetu ndicho kipupwe chao, ingawa chao ni kikali zaidi.

Kwa Sahara kalenda hupinduka. Anayekwenda Morocco kuona vilima vya mchanga vya Merzouga hushauriwa kwenda kati ya Oktoba na Aprili, kwa kuwa Julai na Agosti huko ndiyo kilele cha joto. Asiyetaka kwenda mbali kiasi hicho analo jangwa la Chalbi katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambalo ni tambarare ya chumvi na udongo kuliko kuwa vilima vya mchanga. Ni pazuri, lakini si mandhari ambayo wengi huwa nayo kichwani wanapotamka neno jangwa.

Ni miezi ipi inayofaa zaidi?

Miezi ya Mei hadi Septemba. Katika kipindi hicho mchana wa Sossusvlei, yaani eneo la vilima virefu vya mchanga ambalo wageni wengi hulifuata, huwa na joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi, anga huwa safi, na mvua huwa ni jambo la nadra mno. Usiku ni baridi, na baridi hiyo imepewa swali lake hapa chini kwa sababu ndiyo inayowashangaza watu wa pwani kuliko joto lenyewe.

Ndani ya miezi hiyo mitano zipo tofauti. Mwezi wa Mei una hewa tulivu, usiku haujawa mkali, na wageni bado si wengi. Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe, lakini ndipo pia likizo ya katikati ya mwaka ya shule zetu inapoangukia, jambo ambalo kwa familia yenye wanafunzi humaliza mjadala. Agosti na Septemba joto huanza kupanda taratibu, na wageni kutoka Ulaya huwa wengi. Nafasi za kulala karibu na lango la hifadhi huhitaji kuwekwa miezi mingi kabla. Ukiniuliza mwezi mmoja tu, nitataja Mei, na sababu yangu ni usiku wake.

Fedha za korosho hupatikana kati ya Oktoba na Desemba. Kwa nini nisisafiri hapo hapo?

Hili ndilo swali linalowagusa wengi wa huku, na linastahili jibu refu. Mnada wa korosho kwa kawaida huanza Oktoba, malipo hupitia vyama vya msingi, na kuanzia Novemba mikononi mwa watu kunakuwa na fedha ambazo hazikuwapo tangu mwaka uliopita. Ni kawaida kabisa kwamba fikra ya kusafiri huja pamoja na fedha hizo. Tatizo ni kwamba kalenda ya mfuko na kalenda ya jangwa hazikutani. Mvua za kwanza zinapoanza kudondoka Nachingwea na Masasi, jua la kiangazi la kusini mwa Afrika limekwisha kulipasha jangwa la Namib, na kuanzia Desemba hadi Februari joto la mchana kwenye vilima hufikia nyuzi 35 hadi 40, wakati mwingine zaidi.

Mtu wa Lindi anaweza kudhani kwamba joto si jambo la kumtisha. Joto letu, hata hivyo, ni la nyuzi thelathini na kitu lenye unyevunyevu mwingi wa bahari, na mwili hulijua kwa jasho. Jangwani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Unapoteza maji bila kuhisi kulowa, na dalili ya kwanza unayoipata ni kichwa kuuma. Mchanga wenyewe hupata joto kuliko hewa: katika saa za mchana wa kiangazi uso wake hupita nyuzi 60, na mtu mwenye ndala anaweza kuungua nyayo katikati ya mteremko, mahali asipoweza kusimama wala kukimbia.

Ushauri ni kuzitenga fedha za safari mara tu malipo yanapoingia, kuziweka benki au kulipia kabisa zile sehemu zinazolipiwa mapema, kama vile tiketi ya ndege na nafasi ya kulala hifadhini, kisha kusafiri Mei au Juni. Anayelipa Desemba kwa safari ya Mei pia hupata nafasi anazozitaka, ambazo anayetafuta Aprili hukuta zimekwisha. Gumu zaidi ni kuzilinda fedha hizo dhidi ya harusi, ada za Januari na ndugu wanaojua kwamba umelipwa. Kuzilipia safari mapema ni kinga bora kuliko nia njema.

Na ikiwa Desemba ndiyo nafasi pekee niliyonayo?

Safari inawezekana, ila igeuze ratiba. Kaa siku nyingi pwani, Swakopmund au Walvis Bay, ambako Desemba ni ya ubaridi wa kupendeza, na uende kwenye vilima kwa usiku mmoja au miwili tu. Vilimani panda alfajiri, shuka kabla ya saa 4 asubuhi, kisha kaa kivulini hadi saa 10 jioni. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba asipande vilima katika miezi hiyo.

Je, jangwani hunyesha mvua?

Hunyesha, lakini kidogo mno. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na jumla yake kwa mwaka huwa karibu milimita 1,000. Ukanda wa pwani ya Namib kwa kawaida haufikishi milimita 20 kwa mwaka mzima. Kadiri unavyokwenda mashariki kuelekea ukuta wa milima ndivyo mvua inavyoongezeka, na zaidi hunyesha Januari hadi Machi.

Sababu ya ukame huo iko baharini. Pwani ya Namibia hupitiwa na mkondo wa maji baridi uitwao Benguela, unaotoka kusini. Hewa iliyo juu ya maji baridi hupoa, huwa nzito na haipandi juu kutengeneza mawingu ya mvua; kinachopatikana ni ukungu. Kwa upande wa pili, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ile ile inayotunyeshea sisi, huishiwa maji yake njiani inapovuka bara zima na milima.

Msafiri wa Februari au Machi anapaswa kujua kuhusu mito mikavu. Mito kama Kuiseb, Swakop na Tsauchab hukaa bila maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha milimani mbali na hapo, maji huja ghafla chini ya anga lisilo na wingu hata moja. Usipige hema ndani ya mkondo mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na miti yake ina kivuli kizuri. Mara chache katika miaka mingi mto Tsauchab hufika hadi Sossusvlei na kulijaza bonde maji, kama ilivyotokea mwaka 2011.

El Niño inaathirije safari hii?

Inaathiri pande zote mbili za safari, na kwa namna zinazopingana. Kwa kawaida El Niño huongeza mvua Afrika Mashariki na kuzipunguza kusini mwa Afrika. Msimu wa 2023 hadi 2024 ulilionyesha hilo waziwazi: mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili, mwezi huo huo Namibia ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya ukame. Msafiri wa Mei katika mwaka wa namna hiyo angekuta jangwa kavu na lenye anga safi, ila kazi kubwa ingekuwa kuvuka Rufiji. Utabiri wa msimu unapotaja El Niño, acha siku mbili tatu za akiba kati ya kuondoka nyumbani na kupanda ndege.

Ni kweli kwamba jangwani kuna baridi?

Ni kweli, na ndilo jambo ambalo wasafiri wa pwani hulipuuza zaidi. Juni hadi Agosti, usiku wa Sossusvlei hushuka hadi nyuzi 5 hivi, na siku nyingine hukaribia sifuri au kupita chini yake. Mtwara mjini, hata kusi linapovuma kwa nguvu katika kipupwe, joto la usiku hubaki karibu na nyuzi 20. Anayelala Newala katika miezi hiyo huwa ameonja ubaridi kidogo, lakini hata Newala haifiki huko.

Hali hii hutokana na ukavu wa hewa. Huku kwetu unyevu na mawingu hulizuia joto la ardhi lisipotee usiku. Jangwani hakuna kizuizi hicho, na jua linapozama joto lote la mchanga hurudi angani katika muda mfupi. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya saa 8 mchana na saa 11 alfajiri ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo nguo zipangwe kwa tabaka: fulana nyepesi ya mikono mirefu ndani, sweta, kisha koti zito la kuzuia upepo, pamoja na kofia ya sufi, glavu na soksi nene. Hakuna sababu ya kununua vitu hivi vipya. Makoti mazito na masweta hupatikana kwenye mitumba ya Mtwara na Masasi, na kwa kuwa wanaoyahitaji huku ni wachache, muuzaji huwa tayari kupunguza bei. Ukilala kwenye hema, begi la kulalia liwe la baridi ya nyuzi sifuri. Shuka na kanga havitoshi, hata vikiwa vinne. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, kwa ajili ya baridi ya alfajiri na mchanga wa moto wa mchana kwa pamoja.

Pwani yao inafanana na yetu? Naweza kuogelea?

Haifanani hata kidogo. Maji ya Swakopmund huwa na joto la nyuzi 13 hadi 19 kutegemea mwezi, na mawimbi yake ni makali. Mtu aliyezoea maji ya Mikindani ataingia hadi magotini na kutoka. Asubuhi nyingi mji mzima hufunikwa na ukungu unaotoka baharini, na unaweza kuvaa koti saa 4 asubuhi mwezi wa Januari huku kilomita chache kuelekea bara jua likiwaka kwa ukali.

Ukungu huo ndio uhai wa jangwa. Yupo mende wa Namib ambaye husimama kichwa chini juu ya kilele cha mchanga, ukungu ukaganda mgongoni mwake na matone yakateremka hadi mdomoni. Upo pia mmea uitwao welwitschia, uliopewa jina la mtaalamu wa mimea Friedrich Welwitsch, aliyeukuta Angola mwaka 1859. Una majani mawili tu yanayoendelea kurefuka maisha yake yote, na baadhi ya mimea hiyo inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Inaonekana katika nyika iliyo mashariki ya Swakopmund, na inafaa kutenga nusu siku kwa ajili yake. Walvis Bay, kwa upande wake, ina wangwa wenye korongo wengi aina ya heroe.

Upepo una msimu wake?

Ndiyo, na hapa kuna jambo lisilotarajiwa. Katika miezi ya baridi, hasa kati ya Aprili na Agosti, kuna siku ambazo upepo huvuma kutoka bara kuelekea baharini. Upepo huo huteremka kutoka nyanda za juu, hujikaza na kupata joto kadiri unavyoshuka, na ukifika pwani huwa mkavu, wa moto na umejaa mchanga. Matokeo yake ni kwamba siku za joto kali kabisa pale Swakopmund hutokea katika kipupwe, si katika kiangazi. Upepo huo ukivuma, usiendeshe gari barabara za pwani kama unaweza kusubiri, kwa kuwa mchanga hukwangua rangi ya gari na kioo cha mbele. Funika kamera na simu kwa mfuko wa plastiki, na uvae miwani.

Nibebe maji kiasi gani?

Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha kunywa, na uongeze unapopanda vilima. Kwenye gari weka akiba nyingine ya angalau lita 10 ambayo haiguswi, kwa ajili ya siku gari litakapoharibika mbali na watu. Kunywa kidogo kidogo bila kusubiri kiu.

Maji peke yake hayatoshi mtu anapotokwa na jasho kwa saa nyingi, kwa sababu chumvi pia hupotea. Pakiti za ORS hupatikana katika kila duka la dawa na ni nyepesi kubeba. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kutapika, au ngozi yake ikawa ya moto sana, hiyo si kiu tena bali ni hatari ya kifo: mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji na mpepee mfululizo huku msaada ukitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kuna malaria? Chanjo gani zinahitajika?

Kwenye jangwa lenyewe na pwani yake hakuna malaria ya kuhofia. Iko kaskazini ya nchi, katika ukanda wa Kavango na Zambezi, ambao msafiri wa barabara hupita. Chandarua na dawa ya kufukuza mbu visisahauliwe huko.

Hatari kubwa zaidi ni malaria uliyoondoka nayo nyumbani. Mtu wa Lindi anaweza kuumwa na mbu kabla ya kuondoka na homa ikaanza baada ya wiki moja au mbili, akiwa Swakopmund, mahali ambapo mganga hana sababu ya kufikiria malaria kwanza. Ukipata homa safarini, sema mapema kwamba unatoka eneo lenye malaria na uombe kupimwa.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kama hujaambiwa kwamba kinahitajika, kwa kuwa mipaka unayoipita ni mingi na kila mmoja una afisa wake.

Niende kwa ndege au kwa barabara?

Kwa ndege, safari huanzia Mtwara kwenda Dar es Salaam, kisha kwa kuunganisha mji mwingine, kwa mfano Johannesburg au Addis Ababa, hadi Windhoek. Uwanja wa Hosea Kutako uko karibu kilomita 45 nje ya mji, kwa hiyo panga usafiri wa kukupokea.

Kwa barabara ni safari ya siku nyingi, na inafaa tu kwa mwenye muda na wenzake wa kupokezana usukani. Wengi hufikiria lazima wapitie Dar es Salaam, lakini kutoka Mtwara ipo lami ya Masasi, Tunduru, Songea na Njombe hadi Makambako, ambapo unaingia barabara kuu ya kwenda Tunduma. Njia hii inakuepusha na Somanga wakati wa masika na ina magari machache. Baada ya Tunduma unavuka Zambia hadi Sesheke, unaingia Namibia kwa daraja la Katima Mulilo lililofunguliwa mwaka 2004, na kutoka hapo hadi Windhoek kuna kilomita zipatazo 1,200. Sehemu inayopita ndani ya hifadhi ya Bwabwata usiipite usiku, maana tembo huvuka barabara. Pia usibebe nyama mbichi: katika lango la Mururani, kusini ya Rundu, hukaguliwa na kuchukuliwa, kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya mifugo.

Njia ya kuvuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja na kupitia Msumbiji inaonekana fupi kwenye ramani. Kwa hali ya usalama ya Cabo Delgado tangu mwaka 2017, siishauri kwa safari ya matembezi.

Gari la kawaida linatosha?

Kutoka Windhoek hadi Swakopmund linatosha, maana ni lami. Kwenda Sesriem, lilipo lango la Sossusvlei, utapita barabara za changarawe. Gari dogo hufika, lakini lililoinuka ni salama zaidi. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, kwa kuwa ajali nyingi za wageni huko si za kugongana bali za gari moja lililopinduka kwenye changarawe. Beba matairi mawili ya akiba ukiweza, na jaza mafuta kila unapokuta kituo bila kujali mshale unaonyesha nini.

Kutoka Sesriem kuelekea vilimani ni lami ya kilomita 60 hivi. Kilomita chache za mwisho ni mchanga mtupu, na hapo gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti. Mwenye gari la kuvuta apunguze upepo wa matairi kabla ya kuingia na asisimame katikati. Asiye na uzoefu aache gari kwenye maegesho na kupanda magari ya kukodi yanayopeleka wageni. Kujaribu bahati hapo ni kuwapa wengine kazi ya kukuchimbua.

Niamke saa ngapi, na nilale wapi?

Lango la ndani hufunguliwa kwa kufuata jua, si saa ya ukutani. Anayelala ndani ya eneo la hifadhi huruhusiwa kutoka mapema kuliko anayelala nje, na tofauti hiyo ya karibu saa moja ndiyo inayokuwezesha kuwa juu ya kilima wakati mwanga wa kwanza unapopiga mchanga. Ikiwa kuna sehemu moja ya safari ya kulipia zaidi, iwe hii.

Kumbuka kwamba saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kwamba Juni jua la Sossusvlei huchomoza baada ya saa 1 na nusu asubuhi kwa saa za huko. Kilima maarufu cha kupanda mapema ni Dune 45, kilichopewa jina hilo kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka Sesriem. Mbele yake kuna Deadvlei, sakafu ya udongo mweupe yenye migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita na isiyooza kwa ukavu wa hewa. Eneo hili lote la bahari ya mchanga liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2013.

Sala na funga zikoje safarini?

Kutoka Mtwara na Lindi kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Ukiwa Sossusvlei ni kaskazini ikiinamia mashariki kwa takriban nyuzi 30, kwa hiyo mazoea ya nyumbani yatakupotosha, tumia dira. Ramadhani za miaka ya 2026 hadi 2029 zinaangukia kati ya Januari na Machi, yaani katika joto kali la jangwa na mchana mrefu wa kusini, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuepuka msimu huo. Kuhusu ruhusa za msafiri katika sala na funga, muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Utabiri wa hewa niuangalie wapi, na lini?

Kwa upande wa nyumbani fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, ambao ndio msimu wetu wa mvua. Kwa upande wa pili fuata idara ya hali ya hewa ya Namibia, na utabiri wa pamoja wa nchi za SADC unaotolewa kabla ya msimu wa mvua kuanza. Utabiri wa msimu hukusaidia kuchagua mwezi na njia. Utabiri wa siku 5 hukusaidia kuchagua siku ya kupanda kilima. Programu za simu huonyesha vizuri joto la Windhoek, lakini mji huo uko mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari na hali yake si ya Sossusvlei wala ya Swakopmund. Tafuta Sesriem kwa jina.

Siku ngapi zinatosha, na nianze kupanga kwa kitu gani?

Kwa anayekwenda kwa ndege, siku 8 ndani ya Namibia zinatosha bila kukimbizana: moja Windhoek, mbili au tatu Sesriem, tatu pwani, na zilizobaki ni za barabarani. Anza na nafasi ya kulala ndani ya hifadhi, kwa sababu ndiyo inayokwisha mapema. Ukishaipata, tarehe zake ndizo zitakazopanga gari, kisha ndege, na mwisho kabisa basi au ndege ya kukutoa Mtwara.